UZI: Jua, Dunia na kitovu cha galaksi kwenye mstari mmoja. Kutoka kwetu kinaonekana au hapana?

Ruashi_Anga (mwanzisha uzi)

Bandugu, jambo yenu. Kwenye makundi ya WhatsApp hapa Lubumbashi zinazunguka sauti na picha za "galaksi kujipanga": Jua, Dunia na kitovu cha Njia ya Maziwa eti vinakaa mstari mmoja, na eti NASA wanaficha. Swali hili linastahili jibu la vipimo. Je, tukio lenyewe lipo? Kama lipo, linaonekana kwa jicho, kwa kamera, au kwa chombo kilicho karibu na Dunia? Na mtu wa Lubumbashi, Goma au Bukavu afanye nini, mwezi gani, saa ngapi, aelekee wapi?

Anayejibu atoe namba na hatua. Habari za mwisho wa dunia zina nyuzi zake kwingine.

---

MamaHesabu

Tukio lipo, ndugu, na linatokea kila mwaka. Hilo ndilo zile sauti hazisemi.

Angani kuna mistari miwili ya kuijua. Wa kwanza ni ekliptiki, njia ambayo Jua linaonekana kuipita kati ya nyota kwa mwaka mzima. Wa pili ni ikweta ya galaksi, mstari wa katikati wa ule ukanda wa Njia ya Maziwa. Wanafalaki waliuwekea vipimo rasmi mwaka 1958, wakitegemea zaidi ramani za redio za gesi ya hidrojeni. Mistari hiyo miwili inakatana kwa pembe ya digrii 60 hivi, mahali pawili: kwenye kundi la Mshale (waswahili wa pwani huliita Kausi), na upande wa pili wa anga, mpakani mwa Ng'ombe na Mapacha. Jua hupita kwenye makutano hayo karibu na tarehe 21 Desemba na 21 Juni, mwaka baada ya mwaka.

Kwamba tarehe hizo zinaangukia kwenye solistasi (siku ambazo Jua linafika mwisho wake wa kusini au wa kaskazini) ni jambo la zama zetu tu. Mhimili wa Dunia unayumba polepole kama pia inayokaribia kulala, duru moja ikichukua karibu miaka 25,800. Kwa hiyo sehemu za solistasi zinasogea kati ya nyota digrii moja kila miaka 72 hivi. Jean Meeus, Mbelgiji mashuhuri kwa hesabu za falaki, alipata kwamba solistasi ya Desemba ilikaa sawasawa juu ya ikweta ya galaksi mwaka 1998. Ile 2012 iliyopigiwa kelele kuwa mwisho wa dunia haikuwa na sifa yoyote ya pekee kwenye hesabu hii.

Sasa kitovu chenyewe. Kiko kwenye longitudo ya ekliptiki 266.85 (digrii zinazohesabiwa kuufuata mstari huo) na latitudo −5.6 (digrii kusini ya mstari). Shika hiyo 5.6, maana ndiyo inayoamua kila kitu kwenye uzi huu. Jua halipiti mbele ya kitovu hata mara moja. Linapokaribia kabisa, tarehe 18 au 19 Desemba, linabaki digrii 5.6 kaskazini yake, yaani vipenyo vya Jua zaidi ya kumi. Mstari ulionyooka kabisa wa Dunia, Jua na kitovu haupo leo. Na yapata mwaka 2225, longitudo ya kitovu itakapofika 270 na kulingana na solistasi, ile 5.6 ya latitudo itakuwa bado ipo.

---

Mutoto_wa_Katuba

Mama, aksanti. Lakini kuna mahali wanaandika kwamba mpangilio ulidumu miaka 36, kutoka 1980 mpaka 2016, na 2012 imo ndani. Hiyo 36 inatoka wapi?

---

MamaHesabu

Inatoka kwenye upana wa Jua. Jua ni nusu digrii na kidogo. Ukichukua nusu digrii tupu na kuizidisha kwa miaka 71.6, unapata 36. Hesabu hiyo inachukulia kwamba Jua linaukata mstari kwa pembe ya mraba, na sivyo: mstari umelala kwa digrii 60. Nusu-kipenyo cha Jua mwezi wa Desemba ni digrii 0.27. Igawanye kwa sini ya 60, unapata 0.31. Gawanya tena kwa 0.01397, ambayo ni mwendo wa solistasi kwa mwaka, unapata miaka 22. Weka 22 kila upande wa 1998: kuanzia kama 1976 hadi kama 2020, ikweta ya galaksi ilikuwa inapita mahali fulani ndani ya sahani ya Jua siku ya solistasi ya Desemba. Mwaka 2012 kitovu cha Jua kilikuwa tayari digrii 0.17 nje ya mstari.

Kitu kinachotambaa kwa miaka 44 hakina siku yake. Ndiyo maana anayekuambia "tarehe fulani, saa fulani" hana la kukuonyesha.

---

Bukavu_Kadutu

Niongeze la uvutano, kwa sababu zile sauti zinalitaja. Shimo jeusi la kitovu, Sgr A*, lina uzito wa Jua milioni 4 na kitu, na liko miaka ya nuru 26,700 hivi kutoka kwetu. Umbali huo ni kama mara bilioni 1.7 ya umbali wa Dunia hadi Jua. Uvutano unapungua kwa mraba wa umbali: piga hesabu, utaona Jua linaivuta Dunia kwa nguvu zaidi ya mara bilioni 600 kuliko shimo hilo. Na Dunia ikizunguka Jua inakaribia au kujitenga na kitovu kwa moja tu kati ya hizo bilioni 1.7. Hakuna kinachobadilika Desemba.

Pia wengine wanachanganya "Jua kuonekana kwenye mstari" na "mfumo wetu kuvuka bapa la galaksi". Jua letu liko juu ya bapa hilo, upande wa kaskazini, kwa miaka ya nuru kama 55 hadi 70, na linaendelea kupanda. Litakaporudi kulivuka ni makumi ya mamilioni ya miaka.

---

Ruashi_Anga

Sawa kabisa. Tuje kwenye kuona. Desemba Jua liko hapo hapo, ni mchana. Je, wakati wa kupatwa kwa Jua?

---

Lensi_za_Kenia

Kwa kupatwa, hapana. Jua likifunikwa lote, anga inabaki na mwanga wa machweo kutoka pande zote za upeo. Unaona sayari na nyota chache kali. Njia ya Maziwa haitoki, wala kwa jicho wala kwenye picha ya kawaida.

Lakini kuna kupatwa kumoja ambako watu wa huku wanapaswa kukujua: 21 Juni 2001. Kivuli kilipita Angola, Zambia, Zimbabwe, Msumbiji na Madagaska, na Lubumbashi tulikuwa pembeni yake tu, tukapata kupatwa kwa sehemu kubwa. Siku hiyo ilikuwa solistasi ya Juni. Jua na Mwezi vyote viwili vilikuwa juu ya ikweta ya galaksi, upande unaoelekea mbali na kitovu. Kama neno "mpangilio wa galaksi" lina maana yoyote ya kuonekana kwa macho, huo ulikuwa ndio, na ulipita Lusaka. Dunia haikutikisika.

Ukiwa chini hapa mwezi wa Desemba, hewa ndiyo inayokuzuia. Inatawanya mwanga wa Jua na kuifanya anga yote kuwa ya buluu. Kutoka nje ya hewa mambo ni mengine, na hapo ndipo jibu la "karibu na Dunia" lilipo. Ngoja nimwachie Golfu_Picha, hizi picha ndizo kazi yake.

---

Golfu_Picha

Kutoka nje ya hewa kinaonekana, na picha zipo bure tangu miaka ya 1990.

Chombo kinaitwa SOHO, cha Ulaya na Marekani, kilirushwa 2 Desemba 1995. Kiko kwenye sehemu ya L1, kilomita milioni 1.5 kutoka kwetu kuelekea Jua. Kwa vipimo vya galaksi hapo ni mlangoni pa Dunia: mwelekeo wa kitovu haubadiliki hata kidogo. Ndani yake kuna koronagrafu, LASCO C3, yaani kamera yenye sahani inayofunika Jua lenyewe ili pembeni yake paonekane. C3 inaona hadi digrii 8 hivi kutoka Jua kila upande. Kumbukeni ile namba ya Mama: 5.6. Kitovu kinaingia ndani ya picha.

Namna ya kufanya:

Nenda kwenye tovuti ya SOHO, kwenye hifadhi ya picha. Chagua LASCO C3, weka tarehe 13 hadi 24 Desemba ya mwaka wowote. Chagua ukubwa wa 512 kama unanunua mega kidogo kidogo. 1024 ni ya kupima. Picha moja kwa kila saa sita inatosha kabisa kuona mwendo, huna haja ya kushusha zote.

Kwenye picha ya 1024, pikseli moja ni kama sekunde 56 za tao (digrii moja ina sekunde 3,600 za tao), kwa hiyo digrii moja ni pikseli 64. Duara jeupe la katikati limechorwa kuonyesha ukubwa wa Jua nyuma ya sahani. Kaskazini iko juu, mashariki kushoto. Nyota zinaingia kushoto na kutokea kulia, kama pikseli 65 kwa siku. Kitovu cha galaksi kinapita chini ya Jua: tarehe 18 usiku au 19 asubuhi kiko pikseli kama 360 moja kwa moja chini ya duara jeupe. Kwenye picha ya 512 gawanya kwa mbili.

Utaona nini? Ukanda wa Njia ya Maziwa ukikata picha kwa mshazari, wenye mawingu ya nyota na michirizi myeusi ya vumbi. Kitovu chenyewe hutakiona, kwa sababu mwanga wa kawaida unaotoka huko unazuiwa na vumbi kiasi kwamba kati ya chembe trilioni moja za mwanga inafika kama moja. Unaona mahali pake tu.

Yanayoharibu kazi:

Watu wanapima kutoka pembe ya picha. Pima kutoka katikati ya duara jeupe, halafu hakikisha kwa nyota. Tarehe 18, nyota Theta ya Ophiuchus iko kulia kwa digrii 5.5 hivi na chini kidogo. Tarehe 22, Lambda ya Mshale iko kushoto kwa digrii kama 6. Zikikaa mahali pake, kipimo chako ni kizuri.

Kivuli kinachotoka katikati hadi pembeni ni mkono unaoshika sahani. Hakisogei na nyota.

Sayari angavu zinatoa mistari miwili ya mlalo kushoto na kulia. Hizo ni pikseli zilizojaa chaji zikimwaga kwa jirani. Ndizo watu wanazozungushia duara jekundu na kuandika "chombo cha wageni".

Vidoa vyeupe vinavyotokea kwenye fremu moja tu ni chembe za mionzi zilizogonga kamera. Kitu cha kweli lazima kiwepo kwenye fremu inayofuata.

Ukitaka kujizoeza kabla ya Desemba, shusha picha za nusu ya pili ya Mei. Kilimia inapita juu ya Jua, digrii 4 tu, na mtu yeyote anaitambua.

---

Mutoto_wa_Katuba

Kilimia ndani ya picha ya Jua! Hiyo naenda kuishusha leo hii. Lakini baba Golfu, kwa nini basi wasiseme wazi kwamba mpangilio unaonekana?

---

Golfu_Picha

Picha zenyewe zinatoka hadharani, mchana na usiku, bila mtu kuomba ruhusa. Hakuna kilichofichwa hapo. Kinachokosekana ni mtu wa kuketi na kuzipima.

---

Lensi_za_Kenia

Sasa sehemu ninayoipenda zaidi, kwa sababu haihitaji intaneti na sisi wa Lubumbashi tuna mahali pazuri kuliko Ulaya nzima.

Desemba Jua linakaa kwenye makutano. Miezi sita baadaye, Dunia iko upande wa pili, na makutano yale yale yako angani usiku wa manane. Mahali Jua litakaposimama tarehe 21 Desemba unaweza kupaangalia mwezi wa Julai ukiwa umelala kwenye mkeka.

Lubumbashi tuko digrii 11 na dakika 40 kusini. Kitovu kiko digrii 29 kusini. Kwa hiyo kinapofika juu kabisa, kinasimama digrii 73 juu ya upeo wa kusini, karibu na utosi. London hakifiki digrii 10.

Saa za kupita juu kabisa, kwa saa ya Lubumbashi:
katikati ya Juni, saa sita usiku na dakika chache;
katikati ya Julai, saa nne na nusu hivi usiku;
katikati ya Agosti, saa mbili na nusu usiku;
Septemba, giza linapoingia kimeshaanza kuelekea magharibi.

Kila siku kinawahi dakika 4. Goma na Bukavu toeni dakika kama 7. Chagueni siku tano kabla hadi tano baada ya mwezi mwandamo, na msianze kabla ya saa moja na nusu jioni, mwanga wa machweo unakuwa bado upo.

Kutafuta: elekea kusini, tazama juu. Tafuta Nge kwanza, ni kundi linalofanana na jina lake, lenye nyota nyekundu Antares kifuani na mkia uliojikunja. Kushoto kwa mkia kuna nyota nane zinazochora Birika, sehemu ya Mshale. Kwetu linasimama wima, mdomo ukielekea kulia kwenye mkia wa Nge. Nyota ya ncha ya mdomo ni Alnasl.

Kutoka Alnasl nyoosha mkono wako, weka vidole vitatu vya katikati vikiwa vimebanana. Upana huo ni digrii 5. Nenda kulia karibu upana huo, na juu kidogo. Hapo ndipo kitovu. Jicho linaona wingu angavu pembeni na weusi wa vumbi.

Rudi Alnasl, sasa panda juu moja kwa moja digrii 6. Kuna doa la ukungu linaloonekana kwa jicho tupu nje ya mji: M8. Juu yake, digrii 1.4, kuna dogo zaidi, M20. Makutano ya ekliptiki na ikweta ya galaksi, pamoja na mahali pa solistasi ya Desemba, yako chini ya digrii moja kutoka M20. Darubini ya macho mawili ya 10×50 inaonyesha M8, M20 na makutano kwa pamoja bila kusogezwa. Linganisha nafasi kati ya hapo na kitovu: ni digrii 6 na kidogo, karibu na ile 5.6 aliyoihesabu Mama, na unaiona kwa macho yako.

Nawaomba wazazi: waonyesheni watoto. Anga hii ni yetu na haitozwi kodi.

---

Lensi_za_Kenia

Nimesahau kamera. Kwa simu yenye hali ya mkono: ISO 1600 hadi 3200, sekunde 15 hadi 30, umakini kwenye alama ya mlima au kutokomea, rangi ya mwanga 4000, kipima saa cha sekunde 2 ili kidole kisitikise. Simu iegemezwe kwenye kitu kizito. Kwa kamera yenye lensi ya milimita 18 na sensa ndogo: tundu la lensi f/3.5, ISO 3200, sekunde 18. Ukizidisha hapo nyota zinakuwa vijiti. Piga fremu 20 au 30 mfululizo, kisha uziunganishe na Sequator kwenye Windows, ni ya bure. Fremu moja tupu inakuwa na chembechembe nyingi, ishirini zikiunganishwa vumbi la galaksi linatoka wazi.

Adui mkubwa wa hapa ni moshi. Agosti na Septemba watu wanachoma pori, na vumbi la barabara za migodi linaongezeka. Anga inaonekana safi mchana, lakini picha inatoka na rangi ya matofali. Juni na Julai ni bora, ila baridi inakula betri. Weka ya akiba mfukoni karibu na mwili. Taa za mji zikizimika mtaani, tumia nafasi hiyo hiyo. Vinginevyo kilomita 30 kutoka katikati ya mji zinabadilisha mambo, na mwenye safari ya uwanda wa Kundelungu ana bahati.

---

Goma_Ziwani

Kwa sisi wa Goma: kitovu kinapanda digrii 63 upande wa kusini, yaani juu ya Ziwa Kivu. Nyiragongo iko kaskazini, mgongoni, kwa hiyo mwanga wake mwekundu hauingii kwenye picha. Shida yetu ni mvuke na mawingu. Hata Julai, wingu la volkano likisukumwa na upepo kuja kusini, usiku umeharibika. Angalieni kwanza kama nyota za karibu na upeo wa ziwa zinaonekana, zikififia, subirini.

Taa za wavuvi wa sambaza zinawaka zaidi usiku usio na mwezi, usiku ule ule mnaoutaka. Ziko chini kabisa, kwa digrii 63 hazisumbui. Ila usiweke ziwa ndani ya picha ya sekunde 20, sehemu ya chini itaungua. Na fanyeni juu ya paa la nyumbani. Picha haifai kutoka usiku kwenda mbali.

---

Ruashi_Anga

Bandugu mmenifurahisha sana. Bado moja: kuna njia ya mtu wa hapa kukipata kitovu *mwezi wa Desemba wenyewe*, mchana, masika, mawingu yametanda, bila kutegemea SOHO?

---

Parabole_Kamalondo

Ipo: redio. Mawimbi ya sentimita 21, yanayotolewa na gesi ya hidrojeni kwenye 1420.406 MHz, hayajali mchana, wingu wala vumbi la galaksi. Karl Jansky, aliyegundua redio ya kitovu miaka ya 1930, aliipata kutoka kundi hilo hilo la Mshale.

Mahitaji: kopo kubwa la maziwa ya unga la kipenyo cha sm 15 hadi 16, mawili yakiunganishwa ili urefu ufike sm 26 au zaidi. Chini ya sm 12.4 wimbi haliingii kabisa. Juu ya sm 16.2 linaingia kwa namna mbili na kuvurugana. Waya wa shaba wa sm 5.3 uliosimama ndani, sm 8.8 kutoka kwenye kitako, umeunganishwa na soketi ya N au SMA. Kikuza ishara chenye kichujio cha 1420 MHz, kama SAWbird H1. Kipokezi cha USB cha RTL-SDR na kompyuta.

Kikuza ishara kifungwe kwenye kopo lenyewe. Ukikiweka mwisho wa kebo ya RG-58 ya mita 10, umeshapoteza desibeli zaidi ya 5 kabla ya kukuza, na ishara haipo tena. Hilo ndilo kosa linalowakatisha watu tamaa kuliko yote.

Siku ya 18 Desemba, elekeza kopo kusini, digrii 17 kutoka utosi. Lifunge, usiliguse tena. Kitovu kinapita mbele yake saa sita mchana na dakika saba, Lubumbashi. Kusanya data kwa dakika 10 kuzunguka saa hiyo, ukiwa umetega kipokezi kHz 200 pembeni ya 1420.406 MHz, maana katikati kabisa RTL-SDR inaweka mwiba wake wa uongo. Halafu uzuri wake ni huu: baada ya muda wa masaa saba na dakika nne, yaani saa moja na dakika kumi jioni, ncha ya kusini ya galaksi inapita mbele ya kopo lile lile bila wewe kusogeza kitu. Huko hidrojeni ni chache. Kusanya dakika 10 tena, toa ya jioni kwenye ya mchana. Kilima kinachobaki ni hidrojeni ya Njia ya Maziwa.

Kuelekea kitovu gesi nyingi inapita kwa kukatiza mbele yetu, haiji wala haiendi, kwa hiyo kilele kinakaa karibu na 1420.406 bila kuhama. Kila kilomita moja kwa sekunde ingekihamisha kHz 4.7. Kilele kikiwa mbali kwa mamia ya kHz, umenasa kitu cha jirani: taa za LED, inveta ya sola, au tundu la USB 3. Zima kimoja kimoja uone kinachopotea.

Mvua ya radi ikianza, chomoa antena. Siyo kwa ajili ya kelele, kwa ajili ya uhai.

---

MamaHesabu

Baba Parabole, Jua liko digrii 5.6 tu pembeni. Kopo litaweza kuvitenganisha?

---

Parabole_Kamalondo

Haliwezi, mama. Jicho la kopo ni pana, digrii 60 na zaidi, linaona Jua na kitovu kwa pamoja. Lakini Jua linatoa redio kwenye masafa yote, kwa hiyo linapandisha sakafu nzima ya grafu bila kuchora kilima. Hidrojeni inachora kilima. Ndiyo maana kipimo kinafanya kazi hata Jua likiwa hapo hapo.

Kuvitenganisha kwa kweli, chukua 70, zidisha kwa 21.1, gawa kwa 5.6: parabole ya mita 2.6. Zile parabole kubwa za zamani za televisheni za mita 2.4 hadi 3, zinazoota kutu kwenye viwanja vingi vya hapa, zinafaa: ya 2.4 inakaribia kutosha, ya 2.6 kwenda juu inatosha. Kopo linakaa kwenye fokasi, yaani mahali sahani inapokusanya mawimbi, mdomo ukitazama sahani. Angalia wavu usiwe na matundu makubwa kuliko sm 2 na sahani isiwe imepinda zaidi ya sm 1. Ukishaifunga kwa digrii 17, ngojea anga ipite mbele yake.

---

Bukavu_Kadutu

Kwa anayetaka kuhakiki picha za zamani za WhatsApp: Stellarium ni ya bure. F6 weka Lubumbashi, F5 weka tarehe, A inaondoa hewa, G inaondoa ardhi, koma inachora ekliptiki, na F4 kwenye alama unawasha ikweta ya galaksi. F3 andika Sun. Sogeza mpaka upana wa anga uwe digrii 15. Ruka kutoka 21 Desemba 1980, 1998, 2012 hadi mwaka huu. Mstari unatambaa juu ya Jua kwa nywele tu.

Na kama neno "galaksi kujipanga" unalichukua kwa maana ya galaksi moja kukaa nyuma ya nyingine, hiyo ipo na inaonekana vizuri sana kutoka karibu na Dunia. Mwanga wa galaksi ya nyuma unapindwa na uzito wa ile ya mbele, unatoka duara. Chombo cha Euclid, kilicho kilomita milioni 1.5 upande wa pili wetu, kilionyesha duara kamili kuzunguka galaksi NGC 6505. Lilitangazwa Februari 2025. Galaksi ya mbele iko miaka ya nuru milioni 590, ya nyuma bilioni 4.42. Huko mstari umenyooka kweli.

---

Mutoto_wa_Katuba

Aksanti wakubwa wote. Papa Parabole, sahani nyumbani ni ya wavu, mita 2.4, matundu ya milimita 6. Fokasi naipataje kama ule mkono wa katikati umekatwa?

---

Parabole_Kamalondo

Matundu hayo ni mazuri. Fokasi: laza kamba kutoka ukingo hadi ukingo kupitia katikati, pima kina kutoka kamba hadi kitako cha sahani. Chukua kipenyo, kizidishe kwa chenyewe, gawa kwa mara 16 ya kina. Kipenyo 240, kina kikiwa 40: 57,600 gawa 640, sm 90 kutoka kitako. Mdomo wa kopo ukae hapo, au uingie ndani sm 1 au 2. Funga kwa miguu mitatu ya bomba la chuma. Mguu mmoja utayumba na upepo wa Desemba.